Mbuzi wa Agustina na Leseni Yangu

Jumatatu, 16 Julai 1956

Agustina ameondoka. Jana, baada ya misa. Mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na hakugeuka nyuma hata nilipokohoa. Amekwenda kwa wazazi wake Nyanungu, mwendo wa nusu siku kwa mwenye miguu kama yake.

Sababu ni mbuzi. Nieleze jambo hili kwa haki, maana hakuna mwingine atakayelieleza kwa haki. Mama yake alimpa mbuzi jike mweupe, sikio moja jeusi. Mbuzi mzuri, sikatai. Ijumaa nilimpeleka sokoni kwa Waitara fundi baiskeli, nikambadilisha na usukani. Usukani kamili wa lori la Bedford! Una ufa mahali pamoja tu. Waitara aliutoa kwenye lori lililokufa kule mtoni. Nilidhani Agustina atapiga vigelegele. Akauliza lori lenyewe liko wapi. Nikamjibu lori litafuata.

Na litafuata kweli. Chama cha wakulima wa kahawa kimeleta lori jipya, dereva hawana. Wametangaza mbele ya watu: mwenye leseni ndiye mwenye kazi. Inspekta wa polisi anakuja kutoka Musoma Jumanne ijayo, tarehe 24, kuwapima watu hapa Tarime bomani. Siku nane tu. Baada ya hapo nitakuwa na leseni, kazi, mke, na mtoto wangu Felista. Vyote hivyo kwa mbuzi mmoja. Sasa nani hapa asiyejua biashara, mimi au Agustina?

Ameniachia neno kwa jirani yetu Bhoke. Atarudi siku nitakapokuwa na kazi ya kuamka asubuhi na kwenda. Bhoke alinifikishia neno hilo mara mbili, na mara ya pili alilisema polepole.

Nyumba imekuwa kubwa. Felista alikuwa ameanza kusimama kwa kushika usukani.

Jumanne, 17 Julai

Nimekwenda Nyanungu kumbembeleza. Sikufika mlangoni. Mama mkwe alikuwa uani, anaanika wimbi.

Kwetu Wakurya, mwanamume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unaingia porini, naye anageuza uso, halafu kila mtu anaendelea na safari na heshima yake. Hata jina lake siliandiki humu, ingawa daftari ni langu. Basi nikajificha nyuma ya zizi nikingoja amalize. Wimbi lilikuwa jingi. Alianika, akageuza, akaanua, akapepeta, akaanza tena. Tangu adhuhuri nimetazamana na mikia ya ng'ombe.

Baba mkwe akanikuta pale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kama ni kweli nina lori. Nikamjulisha kwamba kwa sasa nina usukani. Kisha akaniletea maziwa mgando katika kibuyu na kunishauri niondoke kabla giza halijaingia.

Nilimsikia Felista akicheka ndani. Nilitaka kulia. Nikanywa maziwa.

Jumatano, 18 Julai

Leo nimekwenda kwa Mzee Filemoni, dereva mkongwe kuliko wote hapa. Anaendesha lori la tajiri mmoja wa dukani, na ndiye aliyenifundisha. Ameniachia usukani mara sita, kwenye uwanja wa mnada siku ambazo ng'ombe hawapo. Nilimwomba anieleze mtihani ukoje, toka mwanzo hadi mwisho. Akaeleza, nami nimeandika.

Kwanza macho. Inspekta atakuonyesha gari lililo mbali, usome namba yake. Pili maswali: nani apishwe, wapi usimame, ishara za mkono. Mkono wa kulia ukiunyoosha nje ya dirisha, unakata kulia. Ukiuzungusha, unakata kushoto. Ukiupandisha na kuushusha, unapunguza mwendo. Tatu, kurudi nyuma katikati ya mapipa bila kuyagusa. Nne, barabarani. Tano, kusimama katikati ya mlima na kuondoka tena bila lori kurudi nyuma hata kidogo. Hapo ndipo wengi wameachia leseni zao.

Nikauliza kama kuna njia ya mkato. Mzee akasema hakuna. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Akanitazama kama baba anavyomtazama mtoto aliyekula udongo.

"Stanslaus," akasema, "Inspekta haangalii mikono yako. Anajiangalia mwenyewe kama anaogopa. Ukimwona ameweka kalamu mfukoni na kutazama milima, umepata."

Maneno mazuri. Lakini mzee ni mtu wa zamani. Njia ya mkato haikosi kuwapo.

Alhamisi, 19 Julai

Mazoezi. Kigoda ndicho kiti cha dereva. Vipande vitatu vya gogo ni klachi, breki na mafuta. Mwiko wa Agustina ni gia. Majirani wamekuja kutazama tangu asubuhi. Mmoja akaomba lifti ya Sirari.

Mapipa sina, kwa hiyo nimechukua mitungi miwili ya Bhoke alipokwenda mtoni. Nikaiweka kwa kipimo, nikashika usukani, nikarudi kinyumenyume katikati huku nikitazama begani. Mara tano salama! Mara ya sita nimemwona Mniko barabarani.

Mniko ni mshindani wangu. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akafika hadi Burma, na tangu aliporudi hatembei, anapiga kwata. Naye amejiandikisha kwa mtihani wa Jumanne. Anasema kule vitani aliendesha malori. Bhoke anasema kule vitani alipika. Alisimama akanipigia saluti, mimi na usukani wangu. Nikajikwaa. Mtungi mmoja umevunjika.

Bhoke aliporudi hakugomba. Alikusanya vigae, akasema mtungi aliobaki nao unamtosha mjane. Jioni akaniletea ugali na mlenda. Mama huyu ana moyo mkubwa. Nimemwahidi kwamba nikipata leseni nitamchukulia maji kwa lori.

Nilimwomba vilevile anifikishie jambo dogo kwa Mniko: kwamba Inspekta huyu anawachukia watu wanaopiga saluti. Nimelitunga mwenyewe. Mniko bila saluti ni jogoo bila sauti.

Ijumaa, 20 Julai

Nimepata njia ya mkato! Ya kwanza.

Bomani pana magari mawili tu yanayolala pale. La Bwana Shauri, yule afisa Mzungu wa wilaya, hukaa chini ya mti wa kushoto siku zote. Sasa Inspekta atawaonyesha watu gari gani lililo mbali, kama si hilo? Nimekwenda nikajifanya ninafunga kamba ya kiatu, nikaisoma namba. Sina viatu vya kamba, lakini hakuna aliyeuliza. Nimeikariri njia nzima, nimeiimba nikichota maji, nimeisema usingizini. Hata nikiwa kipofu Jumanne nitaisoma.

Macho yangu ni mazima kabisa. Hiyo ni tahadhari tu.

Jumamosi, 21 Julai

Njia ya mkato ya pili, kubwa kuliko ya kwanza.

Nimefikiri hivi. Dereva huwa haharibikiwi na lori. Huharibikiwa na watu, ng'ombe, kondoo, na wanawake wenye mizigo. Barabara ikiwa tupu, hata Bhoke ataendesha. Basi dawa ni moja: Jumanne barabara ya Nyamongo, ambako Inspekta huwapitisha watu, iwe tupu.

Leo ilikuwa siku ya mnada. Watu wamekuja kutoka kila upande, Nyanungu, Kewanja, hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Nimemwona mpiga mbiu, nikampa kuku wangu wa mwisho. Akapiga pembe, akatangaza kwa sauti ya kutikisa pembe za ng'ombe: Jumanne, tangu asubuhi hadi adhuhuri, mtu asionekane kwenye barabara ya Nyamongo, wala mnyama, wala mzigo. Sikumwambia aeleze sababu. Sababu huleta ubishi.

Watu wote wakanyamaza kusikiliza. Utii ulioje! Nimerudi nyumbani nikitembea kama diwani.

Jumatatu, 23 Julai

Bhoke anasema huko mtoni hakuna habari nyingine. Wengine wanasema Gavana atapita. Wengine wanasema atapita simba aliyefungwa kwenye sanduku, anapelekwa Ulaya. Mzee mmoja amesema katika maisha yake yote hajawahi kukatazwa barabara, na kesho atakwenda kukaa hapo na kigoda chake aone nani atamwondoa.

Ni maneno ya watu tu. Mkurya husema sana akiwa na kibuyu cha pombe mkononi.

Nimefua shati. Kofia yangu ya ukindu nimeinyoosha kwa jiwe. Kesho jioni nitakuwa dereva, na keshokutwa asubuhi nitakwenda Nyanungu nikiwa na lori, nipige honi mara tatu chini ya kilima, na Agustina atatoka mbio na mtoto. Nimeona picha hiyo mara nyingi sana wiki hii. Katika picha hiyo huwa hajanikasirikia.

Jumanne, 24 Julai

Nitaandika polepole.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Mniko. Inspekta ni Mzungu mrefu, mwenye Kiswahili alichojifunzia Tanga, kinachopita changu. Mniko alisimama mbele yake bila saluti, kimya. Inspekta akafurahi wazi. Akasema amechoka na watu wa kugonga visigino, huyu anaonekana ni mtu mtulivu. Nilimtazama Bhoke, aliyekuwa amekuja kushuhudia. Akatazama juu.

Macho. Inspekta akanyoosha kidole kuelekea gari. Nikaitaja namba kwa sauti ya uhakika, haraka, bila kukosea tarakimu. Akauliza kama nina hakika. Nikairudia. Kumbe Bwana Shauri amekwenda safari na gari lake tangu Jumapili, na lililosimama pale chini ya mti ni gari la Inspekta mwenyewe! Namba yake ilikuwa wazi, kubwa, nyeupe. Ningeweza kuisoma tu. Sikuwaza kuisoma. Nikaomba nijaribu tena, nikaisoma vizuri, hata chapa ya tairi nikaisoma. Akaandika kitu kirefu.

Maswali nikajibu yote. Mapipa nikapita katikati kama maji. Mitungi ya Bhoke haikufa bure, yaani ule mmoja.

Tukaingia barabarani na lori la Chama. Inspekta pembeni yangu, nyuma Mniko na Mzee Filemoni, aliyekuja kumwona mwanafunzi wake. Tulipopinda tu kutoka bomani nikaona watu.

Watu! Pande zote mbili, toka mjini hadi macho yanapoishia. Walikuwa na vigoda, na watoto mabegani, na kuna aliyekuwa anauza ndizi. Yule mzee alikuwapo na kigoda chake. Tarime nzima imekuja kuona kitu ilichokatazwa. Mkurya ukimkataza njia umemwonyesha njia. Nilizaliwa hapa, nalijua hilo tangu utotoni. Sijui lilikuwa wapi kichwani mwangu siku ya mnada.

Tena watu wenyewe ni wazee, na mzee hapitwi bila salamu. Wakinyoosha mikono kunisalimu, nami nanyoosha wangu nje ya dirisha, shikamoo, shikamoo. Inspekta akaniuliza kwa upole kwa nini nimeonyesha mara kumi na moja kwamba ninakata kulia, na sijakata. Nikamweleza ni salamu. Akasema basi niwaamkie kwa kichwa. Huyu Mzungu si mtu mbaya.

Kisha mlima. Nikasimama katikati. Breki ya mkono. Nikatulia. Nikaachia klachi taratibu kama mtu anayelaza mtoto, na lori likaondoka, halikurudi nyuma hata upana wa kidole! Nikasikia Mzee Filemoni akigonga bodi mara mbili nyuma, ndiyo pongezi yake. Nikamtazama Inspekta kwa jicho la pembeni. Alikuwa ameweka kalamu mfukoni. Alikuwa anatazama milima.

Nimepata, nikasema moyoni. Agustina, nimepata.

Tukafika kona. Na baada ya kona, katikati ya barabara, mama mkwe wangu.

Mwenyewe. Kikapu kichwani, kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbuzi mweupe aliyekataa kwenda mbele na kukataa kurudi. Kushoto wamejaa watu, kulia wamejaa watu, hapakuwa na pori la yeye kuingia. Hatua arobaini. Hatua thelathini. Niligandamiza breki kidogo, lori likapungua, lakini bado tunamwendea. Uso kwa uso.

"Piga honi," Inspekta akasema.

Kumpigia honi mama mkwe! Hata kumkoholea siwezi. Mkono ulikataa. Kichwa pia kilikataa. Nikafanya alivyofanya baba yangu, na babu yangu kabla yake: nilivuta kofia nikafunika uso, nikaingia porini. Tofauti ni kwamba wao walikuwa kwa miguu.

Watu wa kulia walitawanyika vizuri, Mungu ni mwema. Lori likashuka kwenye shamba la wimbi lililokwisha kuvunwa, likarukaruka, likapanda kichuguu, likazimika. Nilibaki na kofia usoni. Sikuwa na haraka ya kuiondoa.

Inspekta akatoa kalamu mfukoni.

"Kwa nini umeacha barabara?"

"Mkwe, bwana."

Akafungua kile kitabu chake cha sheria, akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Ndipo Mniko akaruka kutoka nyuma ya lori, akasimama wima dirishani, akamweleza yote. Alieleza vizuri, kwa heshima, kama vile anajieleza yeye mwenyewe. Alisema kwa mila yetu mtu huyu hakuwa na barabara nyingine. Sikumtegemea Mniko kwa hilo. Nilikumbuka habari ya saluti na nikaona aibu kidogo.

Inspekta akafikiri. Akasema naye ana mama mkwe, na angefurahi sana kama kwao kungekuwa na mila hiyo. Lakini kwenye leseni haimo. Nijaribu tena Oktoba.

Lori likavutwa na ng'ombe wanne. Bampa imepinda. Mniko akaendesha kurudi, akasimama mlimani, akaondoka, akapewa leseni palepale bomani. Mimi nilirudi nyuma ya lori, nimekaa juu ya tairi la akiba.

Jambo moja silielewi. Hakuna aliyenicheka. Wazee watatu walikuja kunishika mkono pale kichuguuni, na wanawake walipiga vigelegele. Labda ni kwa sababu hakufa mtu.

Alhamisi, 26 Julai

Sikuandika jana. Nililala.

Sina leseni, sina kazi, sina mke, sina mtoto, sina mbuzi, sina kuku. Usukani ninao. Nimemkumbuka Felista alivyokuwa akiulamba.

Jioni Mniko akapiga hodi. Sasa ni dereva wa Chama. Nilidhani amekuja kujitapa, nikakaa mkao wa kutojali.

"Mura," akasema, kama mtu anayemwita ndugu yake, "nataka utingo. Mtu wa kuamka saa kumi na moja asubuhi, apakie kahawa, aweke jiwe nyuma ya tairi mlimani. Nimekufikiria wewe."

Nikamwambia mimi ni dereva, isipokuwa karatasi tu. Akajibu analijua hilo, na aliona nilivyolisimamisha lori mlimani, yeye mwenyewe aliogopa kuliko mimi. Akakiri pia kwamba kule Burma alikuwa mpishi, lori aliliendesha siku za kupeleka chakula tu. Akaniomba nisimwambie Bhoke.

Nikajibu nitalifikiria. Alipotoka, Bhoke akaingia bila hodi. Alikuwa amesikia yote, hata habari ya upishi. Akaniuliza kama nakumbuka neno aliloniachia Agustina. Akalisema tena, polepole.

Nimekubali kazi. Kwa muda tu, hadi Oktoba.

Jumamosi, 28 Julai

Wamerudi!

Nimetoka kazini, magunia yamenichuna mabega, naona moshi jikoni kwangu. Agustina amepiga magoti anapuliza moto kama vile hakuondoka. Felista amekaa chini, na aliponiona alisimama peke yake, bila kushika kitu. Hatua mbili. Nilimdaka. Nililia waziwazi, na sioni haya kuandika.

Nikamweleza Agustina kwamba sikupata leseni. Akasema anajua, nchi nzima inajua, tangu Nyanungu hadi Kewanja watu wanasimulia. Nikataka kueleza habari ya mbiu, akasema hiyo nayo anaijua, tuiache. Akaketi, akaniambia maneno ya mama yake kama yalivyo.

"Mama amesema wakwe wa wenzake humpisha mtu kwa miguu. Wake amempisha na lori zima, na Mzungu ndani. Amesema nyumba ya mwanamume wa namna hiyo haiachwi bila moto."

Siku zote nilidhani mama mkwe ananiona mpumbavu. Labda bado ananiona hivyo, lakini mpumbavu mwenye heshima.

Na amempa Agustina yule mbuzi wa barabarani. Alikuwa anampeleka kwa dada yake, akabadili nia. Eti mbuzi huyu ameshafahamiana na mkwe, basi akae kwake. Ni jike, mweupe, miguu minne myeupe kabisa. Nimemfunga mwenyewe mahali pa yule wa kwanza.

Agustina ameuliza kazi yangu mpya inaanza saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na moja asubuhi. Akacheka hadi akashika ukuta. Sikuwa nimekumbuka jinsi kicheko chake kinavyojaza nyumba.

Jumapili, 29 Julai

Misa. Tumekaa wote watatu benchi moja. Watu wananipisha njia mlangoni, nami nawapisha, tumechelewa kutoka.

Padri akihubiri juu ya subira, nilipata muda wa kuutafakari mtihani wangu kwa makini. Mtu mwenye akili hujifunza kutokana na kosa lake. Kosa langu liko wapi? Si mbiu. Si namba. Hata kofia si kosa. Kosa lilikuwa honi! Honi ya lori la Chama ni kali, ina ukelele wa matusi, ndiyo maana mkono ulikataa. Kama ningekuwa na honi ya upole, yenye adabu, inayoweza kulia mbele ya mama mkwe bila kumvunjia heshima, yeye angegeuka, mimi ningepita, na leo ningekuwa dereva.

Baada ya misa nimepita kwa Waitara, kumsalimu tu. Na Waitara anayo! Honi ya mpira, ya kubonyeza kwa mkono, imetoka kwenye gari la zamani. Nimeijaribu. Inalia kama bata anayeomba radhi. Hasa ndiyo! Yule mbuzi wa kwanza bado yupo kwake, ameshiba, ananiangalia vibaya. Waitara anasema mbuzi mmoja peke yake hunyong'onyea, anahitaji mwenzake. Nimesema nitapita kesho alfajiri, nikienda kazini, ni njia hiyohiyo. Hadi Oktoba nitakuwa nimeizoea. Agustina nitamwambia baadaye, akiwa ameisikia sauti yake. Atapenda mwenyewe, maana ni kwa ajili ya mama yake.

Jioni hii nimekwenda kumwangalia mbuzi pale uani. Hayupo. Nikashtuka! Nimemkuta chumbani. Agustina amemfunga kwenye mguu wa kitanda, upande wake yeye, mafundo matatu, na kamba nyingine toka shingoni mwa mbuzi ameizungusha kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe.

Nikamwambia mwaka huu fisi hawajaonekana kabisa huku. Akasema anajua. Nikauliza sasa anamwogopa nani. Akanitazama, akatabasamu, akazima taa.

Maskini Agustina. Nyanungu wamemtia woga. Kesho kabla ya kutoka nitamfungua mbuzi taratibu, nisimwamshe.